Mlango wa Pili wa Mbayuwayu

Ukimtafuta Celestino Lado pale mtaa wa Awindiri, usiulize fundi bati, kwa sababu mafundi bati wamejaa Arua na kila mmoja atakuambia ndiye. Uliza yule mwenye meli za nyota. Utaonyeshwa nyumba na mtu anayecheka, na huyo anayecheka huenda nikawa mimi, maana tumepakana ua tangu mwaka 1987 na nimechoka kumtetea.

Jina langu Odile. Nauza vitenge sokoni, nimezaliwa Aru, ng'ambo ya mpaka, Zaire, na sina subira na wanaume wenye ndoto. Nalisema mapema ili mjue kwamba ninachokisifu hapa nilikipinga kwanza, tena kwa sauti.

Celestino ni Mkakwa kwa kabila, wa kijiji cha Midia, kule Koboko, mtoto wa askari. Ujanani alikuwa akifagia uwanja mdogo wa ndege wa Arua, na kila ndege ilipotua aliacha ufagio akaenda kuipapasa tumbo. Vita vya 1979 vilipofika huku, ufagio ulibaki uwanjani, yeye akavuka mpaka na mke wake Margarita na binti yao Paska, aliyekuwa bado mgongoni. Kazi ya bati alijifunza huko Zaire, katika kambi ya wakimbizi. Mafuta ya kupikia ya msaada yalikuja katika madebe, na debe likiisha mafuta halikutupwa: lilikatwa likawa koroboi, likawa kikombe, likawa mlango wa kibanda. Debe moja likawa meli.

Hiyo ndiyo Mbayuwayu ya Kwanza. Aliipa jina la yule ndege anayejenga chini ya mapaa ya watu, anakwenda mbali, kisha anarudi. Ilikuwa nyembamba, ina mabawa, na mbele ina kidirisha cha rubani. Kwenye foleni ya unga Celestino aliwaeleza wenzake kwamba meli za aina hii zitaibeba Midia yote, zipite juu ya vizuizi vya barabarani, juu ya mwezi, hadi kwenye nyota yenye udongo mwekundu kama wa kwao na isiyo na mtu wa kumuuliza mwenzake kitambulisho. Margarita aliigeuzageuza mkononi, akauliza watu watakaa wapi. Celestino alikuwa amesahau watu.

Basi ya Pili ikawa na viti, safu mbili, kama vya ndege. Watu wakataka kujua safari ni ndefu kiasi gani, naye akajibu kwamba watoto watazaliwa njiani, watakua na kuoana njiani. Wanawake wakamuuliza nani atazaa amekaa kitini. Viti vikang'olewa.

Waliporudi Uganda walikodi nyumba ile iliyo jirani na yangu, halafu wakainunua, na karakana ikawa barazani. Hadithi zikahamia Jumapili mchana, watu wakitoka misa Ediofe. Celestino alishika meli yake mpya, akasimulia ilipofika wiki hiyo, nani kazaliwa ndani yake, nani kagombana na nani, nyota gani waliipita kwa sababu maji yake yalinuka. Wasikilizaji hawakuwa na adabu hata kidogo. Waliikosoa kila meli kana kwamba wataipanda kesho. Mzee Zubeiri, askari mstaafu ambaye hakuwa wa misa lakini wa chai alikuwa, alishikilia kwamba chombo kisicho na mizinga si chombo. Kwa ajili ya kumnyamazisha ikatengenezwa Mbayuwayu ya Tatu, mizinga mbele na nyuma. Margarita hakubishana na mtu. Kesho yake nilimkuta anachotea chumvi kwa ile meli, na Zubeiri mwenyewe aliletewa chumvi ya mayai yake humo humo akala kimya.

Ya Nne ilikuwa na majiko na moshi wake ulitoka vibaya, tuiache. Ya Tano ndiyo iliyomtia kiburi. Ilikuwa na urefu wa mkono, ina mlango mmoja mpana, ukumbi mmoja kutoka mlangoni hadi nyuma, vyumba vya familia huku na huku, ghala la nafaka, na chumba cha wageni, kwa maana alisema hata angani watu watapita. Tuliisifu sote. Celestino akatangaza kwamba aina ya Mbayuwayu imekamilika na sasa zitajengwa nyingi. Mimi nilisema afadhali ajenge ndoo, kwa kuwa yangu ilikuwa inavuja.

Sasa, nyumba yao ilikuwa imefanana na meli hiyo: mlango mmoja, sebule moja, na ukitaka kwenda jikoni unawapita wote. Na kule Midia alikuwako Rosa Kiden, mama yake Margarita, mjane anayeishi peke yake, macho yameingia ukungu. Mvua za mwaka ule aliteleza kisimani akalala pale pale mpaka majirani walipomkuta. Margarita alitaka kumleta Arua. Celestino alitaka hivyo hivyo, na nilimsikia akimwambia mke wake amfuate hata kesho. Aliyekataa ni mama mwenyewe.

Kwao mwanamume na mama wa mke wake hawatazamani usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mmoja anaingia vichakani. Hakuna anayekula mbele ya mwenzake, na jina la mama mkwe mwanamume halitaji. Si chuki, ni heshima, tena nzito, na kijijini haimsumbui mtu kwa sababu kila mtu ana nyumba yake na njia yake. Ni mjini ndiko mtu anakosa pa kukwepea. Jibu la Rosa Kiden lilirudi na Margarita kwenye lori la Sule, mfanyabiashara wa Koboko aliyekuwa akisafirisha tumbaku na watu kwa pamoja: "Mimi hapana kuja. Nyumba iko na mlango moja. Nitapita juu ya kichwa ya mkwe?"

Basi Margarita akawa wa barabarani. Wiki hii Arua, wiki ijayo Midia, nguo zinamlegea mwilini. Siku moja tukianika nguo alimwambia mume wake, nami nikiwapo, kwamba mama yake akianguka tena yeye atabaki kule na Paska, na Celestino atakuwa anawatembelea. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Jumapili iliyofuata watu walikuja na vigoda vyao wakakuta hakuna hadithi. Celestino alikuwa anaziba ndoo yangu.

Safari iliyofuata Margarita alibeba Mbayuwayu ya Tano, ampe mama yake kitu cha kumchangamsha. Alivyonisimulia, bibi aliipakata akaisoma kwa vidole, polepole, chumba kwa chumba. Akauliza ndani wanakaa nani. Akaambiwa Midia yote, baba, mama, watoto na wakwe, kwa miaka mingi. Akaurudia mlango. Akapitisha kidole ukumbini toka mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akapigwa mgongoni.

"Huyu mutu nafika mpaka nyota," akasema, "na mama ya muke yake tapita wapi?"

Margarita aliyaleta maneno hayo kama yalivyo. Celestino aliketi juu ya madebe. Mkakwa wa Midia, aliyelelewa kuingia vichakani, alikuwa ameunda meli tano na katika zote hakuna hata moja ambayo mkwe na mama mkwe wangeishi humo bila kufa kwa aibu kabla ya kufika mwezini. Akashika kichwa. Halafu naye akaanza kucheka, na mimi upande wa pili wa ua nikacheka bila kujua sababu, kwa kuwa nilikuwa sijasikia kicheko cha nyumba ile siku nyingi. Kabla jua halijatua mkasi wa bati ulikuwa unalia.

Ya Sita ilikuwa na milango miwili, njia mbili, na ukuta katikati toka mbele hadi nyuma, jiko likiwa kati na vidirisha viwili vya kupitishia chakula. Ikapanda lori la Sule. Ikarudi na ujumbe kwamba ukuta ni mzuri lakini ni kaburi: mama atajuaje kama wajukuu wanalia, atajuaje kama mkwe bado yuko hai? Celestino akatengeneza ya Saba, ukuta wake ametoboa matundu madogo kwa msumari, sauti ipite na uso usipite. Ikarudi tena. Mlango wa mama utazame jua linapotoka, mifupa inataka joto. Celestino akatuma jibu kwamba angani jua halina upande maalumu. Akajibiwa kwamba yeye ndiye fundi, aigeuze meli.

Nimeona wachumba wakitumiana zawadi, sijaona kitu kama kile. Watu wawili wasioweza kutazamana walibishana miezi kadhaa kwa madebe ya mafuta, Sule akiwa katikati anapakia meli juu ya tumbaku na kuwaapia abiria kwamba haziumi. Celestino alimwita "yule wa Midia" tu, lakini alilitamka kama mtu anayemtaja mwalimu wake. Jumapili zilirudi, na sasa watu walikuja kusikia yule wa Midia amekosoa nini.

Kisha asubuhi moja nikamkuta Celestino anapima ua wangu kwa kamba.

Akaniamkia kwa heshima iliyopita kiasi, nikajua kuna jambo. Alitaka kuongeza chumba nyuma ya nyumba yake, ukuta wa matundu katikati, na mlango wa pili. Lakini kiwanja chake kilikuwa chembamba. Mlango ule ungetazama jua linapotoka, na jua linatoka kwangu. Yaani njia ya mama mkwe ingepita uani mwangu, juu ya pilipili zangu, ambazo sokoni zilikuwa na sifa.

Niliwaka. Nikamwambia mimi ni Mkristo wa Aru, sina mkwe wa kumkimbia, na pilipili zangu hazikuvunja heshima ya mtu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza pumzi. Nami kwa kutafuta la kuongeza nikauliza lililonikaa moyoni siku nyingi.

"Baba Paska, katika meli yako yote, mimi iko wapi? Mutu ya Zaire anabaki chini?"

Akaenda zake. Nikafikiri nimeshinda. Alasiri akarudi na Mbayuwayu ya Nane. Ilikuwa kama ya Saba, ila ubavuni, karibu na mlango wa mama, kulikuwa na dirisha lenye bawaba ya msumari, linafunguka na kufungika. Akalifungua kwa ukucha.

"Hii yako, Mama Odile. Mutu nasafiri bila jirani, tazungumza na nani?"

Nilifurahi. Naandika wazi: nilifurahi, na pilipili nikazing'oa kwa mikono yangu mwenyewe, nikazipanda karibu na choo. Dirisha lile nililidai la kweli, katika ukuta wa chumba hicho utakaotazama ua wangu, na alilitoboa yeye.

Chumba kilijengwa kwa matofali ya udongo, ukuta wa katikati ukawa wa bati la madebe lenye matundu, na njia, ghala na kidirisha cha jiko vikakaa kipimo kwa kipimo kama katika ile meli. Meli yenyewe ilikuwa imeshapelekwa Midia, na bibi aliambiwa tu aishike mpaka lori lije.

Siku ya kuja kwake Awindiri yote ilipata kazi ya kufanya karibu na ua wangu. Sule alisimamisha lori, akazima injini, akamshusha kama yai. Rosa Kiden alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, kajifunika kitenge hadi usoni, meli kwapani. Celestino hakuonekana. Tulijua alipo: upande wake wa nyumba, amevaa shati la misa, ameupa ukuta mgongo.

Margarita akamshika mama yake mkono. Bibi akautoa.

"Wacha. Mimi najua."

Akaweka vidole ukutani akaingia kwa mlango wa pili. Alipofika dirishani kwangu aligonga mara moja, akasema huyu ni yule wa Zaire, nami nikamwambia karibu mama. Akakunja kona penye ghala bila kugusa kitu. Akapata kidirisha cha jiko, akakifungua na kukifunga. Akapata kitanda, akageuza uso kwenye joto la jua, akakaa. Hakujikwaa hata mara moja, yeye asiyeona mkono wake mwenyewe. Margarita alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na Zubeiri akakohoa kijeshi ili tusimtazame.

Bibi akausogelea ukuta wa bati. Akayapapasa matundu.

"Mkwe."

"Mama," ikajibu sauti upande wa pili.

"Meli iko na mafuta?"

"Iko, mama."

"Watu yote iko ndani?"

Hapo nilimsikia Celestino anavuta pumzi, huyu aliyewahi kuunda meli akasahau watu.

"Yote iko ndani, mama."

"Basi, twende."

Upande wa pili nyundo ikaanza kugonga debe, polepole kwanza, halafu kwa kasi, kama lori la Sule linapopanda mlima, ukuta mzima ukatetemeka, na mimi nikashika fremu ya dirisha langu kwa mikono miwili nisianguke.