Usiambie Mkubwa

Juzi wajukuu wamenikalisha kwa simu nione katuni ya magari ya mashindano. Kuna gari moja nyeusi, roho mbaya, na vigari viwili nyuma yake. Nyeusi ikicheka, vigari vinacheka. Ikigonga wenzake, vinapiga makofi, na hata mikono havina! Nikawaambia, nyamazeni, hao wawili mimi nawajua. Tulichunga ng'ombe pamoja huku karibu na Rodi Kopany.

Wewe rafiki yangu, kama umechunga, unajua kiangazi. Silanga yetu, lile bwawa la mifugo, ilibaki maji kidogo katikati, matope pande zote, na njia moja tu ya mawe. Basi tulishindana na ringi za baiskeli, unasukuma na kijiti, kata-kata-kata mpaka chini. Ringi ya nani imegusa maji kwanza, ng'ombe zake zinakunywa kwanza. Wa mwisho wanalamba matope. Mimi nilikuwa na ng'ombe moja tu, ya nyanya yangu, imezaa juzi, na mtoto wa marehemu dadangu alitegemea hiyo maziwa. Nyanya akinifungia nyoyo, mahindi na maharagwe, ananiambia, "Ng'ombe ikirudi na kiu, wewe ndio utanyonyesha."

Sasa kulikuwa na kijana tulimwita Mkubwa. Nyuma yake wawili. Mrefu aliongea na pua: "Nyinyiii! Pisheni Mkubwa!" Mfupi hakuwa na maneno yake, alichukua la mwisho tu: "Mkubwa!"

Siku hiyo nilikuwa mbele. Mkubwa akataka kunipita, ringi yake ikaruka mawe ikaingia matope, na yeye nyuma yake, pwaa! mpaka kiuno. Na hao wawili, badala ya kusimama, wakaruka ndani wamfuate! Matope inavuta. Maji iko pale tu, ringi yangu karibu iguse. Ng'ombe ya nyanya imeshanusa, inalia.

Nikaacha ringi. Nikawatupia ncha ya kamba iliyofungwa shingo ya ng'ombe. Mrefu, matope kifuani: "Toa Mkubwa kwanza!" Mfupi: "Kwanza!" Nikageuza ng'ombe ipe maji mgongo, nikaichapa ivute, huku nalia. Mkubwa akatoka. Unafikiri alishika kamba anisaidie? Alichukua ringi yangu, akaigusisha maji, akaita ng'ombe zake. Na hao wawili, matope mabegani, wakashangilia: "Umeshinda, Mkubwa!" "Mkubwa!"

Nikavuta Mrefu. Mfupi alitoka mwisho, matope kwa kidevu, na ng'ombe imepiga magoti. Hawakusema asante. Wakamkimbilia mtu wao. Yetu ikalamba matope.

Jioni chuchu za ng'ombe zimekauka, mtoto analia mpaka sauti inaisha. Nyanya amembeba mgongoni, anazunguka naye tu. Nikasikia mtu kwa ua. Ni Mfupi, peke yake, na debe ya maji kichwani, kutoka kisima cha mama yake. Akaiweka chini, mbele ya ng'ombe. Ndio mara ya kwanza nikasikia maneno yake mwenyewe: "Usiambie Mkubwa."

Asubuhi maziwa ikashuka.

Siku hizi pale silanga wamelima miwa. Ringi hakuna anayesukuma, hata wachungaji wako na pikipiki. Mrefu alitangulia zamani, na Mkubwa tumemzika juzi huko Rangwe. Mfupi ndiye alikuwa mbele ya jeneza na bakora yake, anasukuma watu: "Pisheni Mkubwa!" Nikamsogelea nikamtania kwa sauti, "Mzee, na ile debe ya maji?"

Akaangalia jeneza. Akaweka kidole mdomoni.