Msamaha Niliouomba kwa Maikrofoni

Kazi yangu pale Kariobangi, Nairobi, ilikuwa kutafsiri sinema. Kibanda cha mabati, mabenchi ya mbao, na mimi kando ya televisheni na maikrofoni, nikiwasemea waigizaji wa ng'ambo kwa Kiswahili. Ukweli ni kwamba lugha zao nyingi sikuzijua. Nilijitungia tu, na mtu akilalamika namwambia aje ashike maikrofoni yeye.

Miaka miwili nyuma, mimi na rafiki yangu wa tangu shule ya msingi tulikuwa tumevuka mpaka kule Busia kuchukua krimu za kujichubua zilizopigwa marufuku. Begi lilikuwa langu. Alinibebea kwa sababu mgongo ulikuwa unaniuma, au ndivyo nilivyomwambia. Polisi walipomshika nilikuwa hatua kumi nyuma yake. Nikageuka, nikajifanya nachagua ndizi. Hakunitaja. Alifungwa miezi minane na sikwenda kumwona hata siku moja. Nilikuwa mwoga, sina neno jingine.

Sasa Jumapili moja mchana akaingia kibandani, amekonda, akaketi benchi la nyuma. Na sinema niliyokuwa nimeweka, mkosi gani huo, ilikuwa ya marafiki wawili wa mpakani, mmoja amemuuza mwenzake kwa askari. Mwishoni yule msaliti anarudi, anasimama mlangoni kwa mwenzake. Hasemi kitu. Wanatazamana tu.

Nikamsemea.

"Ndugu yangu, begi lilikuwa langu. Nilikuona ukishikwa nikakupa mgongo. Nisamehe."

Sauti ilinitetemeka, watu wakadhani ni ufundi. Wakapiga makofi. Mama mboga mmoja akajifuta macho kwa leso. Utamu ukanipanda kichwani na, Mungu anirehemu, nikamsemea na yule wa pili: "Yameisha, ndugu. Ingia tule."

Nilipotazama nyuma, benchi lilikuwa tupu. Niliacha maikrofoni ikining'inia nikatoka mbio. Nilimpata karibu na mafundi wa sufuria, amesimama, mikono mfukoni.

"Niaje," nikasema, kama mjinga.

"Buda, umejiomba msamaha na ukajijibu," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza zaidi. "Sasa mi nilikuwa nimekaa hapo ya nini?"

Alinigeukia kabisa, akanitazama usoni. Nilijua anangoja. Yale yale niliyoyasema ndani, ayasikie kwa mdomo wangu, hapa juani, bila mtu wa kunipigia makofi. Fundi mmoja alimaliza kugonga mfuniko, akaanza mwingine. Nikatazama viatu vyangu, na nilipoinua macho alikuwa ameshavuka barabara.