Tundu Ambalo Anaeli Alilifuta

Anaeli ni fundi redio mjini Moshi, na nyangumi hajamwona hata mmoja. Kwao ni Mwika. Kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, na changu vimetenganishwa na ua wa masale tu, kwa hiyo mambo yake nayajua.

Mwaka jana aliona mtandaoni tangazo la mfuko mmoja wa utafiti wa Ulaya. Huko wanaweka baharini mitambo ya upepo ya kufua umeme, inayoelea na kushikiliwa na minyororo. Wanataka kujua kama nyangumi na samaki wanaikimbia au wanaizoea, na njia mojawapo ni kusikiliza chini ya maji. Vifaa vyao ni ghali mno. Anaeli akatengeneza kinasa sauti kwa bomba la plastiki, betri na lami, kwa bei ya mbuzi wawili. Mfuko ukamjibu: tuletee rekodi ya siku mbili mfululizo chini ya maji.

Maji mengi ya karibu ni bwawa la mfereji wetu wa kumwagilia, linalojaa usiku na kufunguliwa alfajiri kwa zamu. Ilikuwa Februari, kiangazi kikali. Nikamsindikiza kwa Mzee Eliezeri, mwenyekiti wa mfereji, maana binti huyu hajui kupatana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia unatafuta samaki bwawani kwangu."

"Natafuta utulivu, mzee. Siku mbili lisifunguliwe."

"Na migomba yetu inywe nini, redio?"

Nilitanguliza dumu la mbege, pombe yetu ya ndizi. Akanywa, hakulegea. Alitaka mama yake Anaeli aache zamu nne za maji. Mimi nilipanga kutoa mbili, nikamkanyaga Anaeli mguu asikubali. Akakubali nne.

Siku mbili bwawani, kinasa hakikuingiza hata tone la maji. Akatuma rekodi. Mboga ya mama, mnafu, ikakaukia shambani, na mama akapika maharage matupu wiki nzima.

Jibu lilikuja Mei. Kifaa ni kizuri, ila kimejaribiwa kwenye maji baridi. Kanuni zinataka bahari. Fedha za kwenda baharini je? Hupewa waliokwisha kufaulu jaribio la baharini. Maombi mapya mwisho Februari ijayo. Nilisoma mara tatu nikitafuta pa kupenyeza mkono.

"Hawa hawajui biashara," nikamwambia. "Hebu nisikie hizo sauti zilizotukaushia mnafu."

Akaniwashia: vyura, matone, na chini yake mluzi mwembamba usiokoma.

"Huo nini?"

"Tundu. Maji yanatoka ukuta wa mashariki. Kwenye nakala ya Ulaya niliufuta, ungewachanganya."

"Umeufuta!"

Miaka mitatu watu wa mfereji wanaitana wezi kwa maji yanayopotea bwawani, na yeye anajua tangu Februari! Nikampeleka kwa Eliezeri saa ileile. Vijana wakafukua: tundu la fuko, mkono unapita mpaka kiwiko.

"Zamu nne zirudi," nikasema, "na mbili juu."

"Nne. Na kila kiangazi atusikilizie."

"Mvua inanyesha, mzee," Anaeli akasema. "Zamu za sasa nizifanyie nini?"

Hilo lilinipita, nakiri.

"Basi chukua za Februari," Eliezeri akasema.

"Februari nitakuwa Tanga, baharini."

"Kwa nauli ya nani?" mzee akauliza.

Anaeli akanitazama mimi. Nami nikaangalia tundu.