Mado wa Kikula, Mpishi Aliyelisha Pande Mbili za Barabara

Saa kumi na mbili asubuhi, barabara ya nyuma ya soko la Kikula, mjini Likasi, bado imelala na vumbi lake. Baridi ya Juni inauma. Lakini Mado tayari anatwanga sombe. Mchi unapanda, mchi unashuka, na majani ya muhogo yanasagika kinuni mpaka yanageuka uji wa kijani. Jasho linamtoka shingoni kama mtu aliyekimbia.

Ng'ambo ya barabara moshi mwingine unapanda. Ni jiko la Mathilde, mpishi mwenzake.

"Yaya! Umeamuka muzuri?" anaita Mado, kwa neno la huku la dada mkubwa, bila kuacha kutwanga.

"Nitaamuka aje muzuri? Weye unapiga ile kinu sawa unapiga bwana yako. Avenue muzima haina usingizi tena!"

"Bwana yangu iko Kamatanda. Kinu njo iko karibu!"

Wanacheka wote wawili, kila mmoja kwenye moshi wake. Ukiwasikia asubuhi hii, huwezi kuamini kwamba mwaka huu huu sahani moja ya ugali nusura imnyang'anye mmoja nafasi yake hapa, na mwingine wateja.

Mado ana miaka arobaini na sita na watoto watano. Mumewe, Clovis, anachimba shaba Kamatanda. Wiki nyingine analeta fedha, wiki nyingine analeta vumbi na kikohozi. Kwa hiyo nyumba inasimama juu ya sufuria. Sahani ya bukari, ndiyo ugali wa huku, pamoja na sombe na kipande cha samaki, ni franka elfu nne. Siku njema, akishatoa unga, makaa na ushuru wa soko, anabakiwa na elfu ishirini. Siku mbaya anabakiwa na sombe.

Hana ukuta. Ana turubai, mabenchi mawili na meza iliyoegemea jiwe. Umeme unapita juu ya kichwa chake kwenye waya mnene, unakwenda kwa wenye viwanda. Yeye anapika kwa makaa. Bomba la serikali lipo pia, hatua kumi kutoka hapo. Watoto wanalitumia kufungia mbuzi.

Wateja wake ni wachuuzi, wabeba magunia, makarani wa mshahara wa kuchelewa, na wanaume waliofiwa na wake zao. Hao wa mwisho hawakosi. Mwanamume akishaachwa na mwenzake duniani, sufuria za nyumbani humtazama kama mgeni. Atatembea mbali, na viatu vilivyoisha, kutafuta sahani ya moto kwa mwanamke anayemwita kwa jina.

Zamani wateja hao walikuwa wakivuka barabara wapendavyo. Leo wakitaka bukari nyeupe, ngumu, ya mahindi matupu, walikaa kwa Mado. Kesho wakitaka nshima, ugali wa kwao Kasai, ule laini wenye unga wa muhogo ndani, walikaa kwa Mathilde, ambaye baba yake aliletwa kutoka huko kufanya kazi ya migodi akapewa nyumba kwenye kambi ya Panda. Hakuna aliyeuliza mwenzake amekula wapi.

Kisha wakaja wakubwa na uchaguzi wao. Walikuja na magari, wakagawa fulana na vitenge, wakapaza sauti, wakaondoka zao. Magari yaliondoka, ugomvi ukabaki mtaani.

Tangu hapo tumbo nalo likaingia chamani. Wa upande wa serikali wakajaa kwa Mathilde. Wa upinzani wakajaa kwa Mado. Kinyozi akawa na chama. Muuza sabuni akawa na chama. Kuna depo, ghala la unga, karibu na soko ambayo mwenyewe aligombea ubunge upande wa serikali; wasiompenda wanapanda mpaka Panda kununua gunia, wanalipa na mtu wa kusukuma mkokoteni. Unga ni ule ule. Lori lililouleta kutoka mpakani Kasumbalesa ni lile lile.

"Minye nilikuwa minanunua gunia moja huku, ingine kule," anasema Mado. "Placide akiona gunia ya depo, analala njaa. Mutu muzima, na ndevu!"

Placide ni mchuuzi wa madini, mwombaji mkubwa kanisani, na kwa miaka mingi mteja wa kwanza wa Mado kila mchana. Siku moja samaki walimwishia Mado, akamwambia avuke barabara, kwa Mathilde wapo. Placide alikaa mpaka jioni na chupa ya maji.

Wapishi wenyewe hawakugombana hata siku moja. Mathilde alikuwa bado msichana mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakati watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani hapa, na familia yake ikalala kituo cha reli cha Likasi ikingoja treni. Waliowasha moto ule wa chuki walilala kwenye vitanda vyao. Walioumwa na mbu ni watoto.

"Mama yake Mado alikuwa anatuletea bukari mu stesheni," anakumbuka Mathilde. "Anaificha mu kitenge, mugongoni, sawa anabeba mutoto. Watu banamwambia, 'Mama, mutoto yako halii?' Anajibu, 'Huyu iko na heshima kuliko ninyi.'"

Familia ya Mathilde haikupata treni. Mambo yalipopoa ilirudi Panda, na wasichana wawili wakakua wakiitana yaya na ndogo.

Ndiyo maana, mwezi wa tatu mwaka huu, Mathilde alipoanguka kwa tifoide, homa ya matumbo, alimtuma mtu kwa Mado kabla ya kutuma kwa mganga. Tifoide hapa si ajabu. Watu wanakunywa maji ya kisima, na waliopewa kazi ya kuleta maji safi wanakunywa ya chupa.

Hofu ya Mathilde haikuwa kufa. Ilikuwa nafasi yake. Sheria ya soko ni kwamba jiko likizimika wiki moja, nafasi inapewa mwingine, na wanaongoja ni wengi na wana shemeji ofisini. Nafasi ile ndiyo karo ya watoto wake watatu. Mumewe Osée ni fundi mwashi asiye na kazi ya kudumu.

"Nilimwambia Mado: moto yangu isizimike. Jambo moja tu," anasema.

Mado alikubali. Lakini wateja wa Mathilde wasingekula mkono wa Mado, mpishi wa upinzani. Na Mado naye alijua wake wangemhama wakisikia. Basi wakapanga. Ntumba, binti mkubwa wa Mathilde, ambaye bado hawezi kupikia watu wengi, atawasha moto wa mama yake na kuwapokea wateja. Akiulizwa, mama amekwenda matanga Kambove. Chakula chote kitapikwa kwa Mado, kivuke barabara kule chini, kipite nyuma ya vibanda ndani ya ndoo iliyofunikwa, kama maji ya kuoshea vyombo.

Ilikwenda vizuri. Wa serikali walikula samaki wa upinzani, wakasifu. Mado alisikia sifa hizo ng'ambo ya barabara, akauma ulimi.

Kilichomshinda ni nshima. Mkono wa Mado umezoea mahindi matupu tangu utoto. Siku tatu alibahatisha. Siku ya nne wateja walikuwa wengi pande zote mbili. Akamwaga unga wa muhogo kwenye maji ya moto mwanzo kabisa, ukajifunga mabonge. Akatia unga wa mahindi kuokoa. Akaongeza. Akaongeza tena. Alipoinua mwiko, sufuria ilikuwa na bukari ya kwao, nyeupe na ngumu. Muda wa kuanza upya haukuwepo. Ndoo ikapita.

Kwenye benchi la Mathilde alikaa Papa Mukendi, karani wa zamani wa reli ambaye pensheni yake anaisikia redioni tu, na ambaye pia ni mkubwa wa vijana wa chama cha serikali hapo mtaani. Alikata tonge, akaligeuza, akalirudisha sahanini.

"Ntumba, mwana. Hii ni nini?"

"Nshima, papa."

"Hapana. Hii ni bukari ya bale ba kule." Akanyoosha kidole ng'ambo. "Nyeupe, nguvu sawa jiwe. Mama yako, bamemununua bei gani?"

Benchi likalipuka. "Tumeuzwa!" mmoja akasema. "Sasa hata sahani inafanya kampeni!" Mwingine akaongeza: "Njo maana ya matanga ya Kambove! Alienda kuchukua kadi ya upinzani!"

Ntumba alisimama na jagi la maji mkononi, machozi yanamtoka. Watu wawili walikwisha kuinuka. Wakiondoka wote moto ungekuwa wa bure, na kabla ya Jumamosi mkusanya ushuru angesikia.

Mado aliona yote. Alikuwa na wateja wake wamejaa. Anasema alifikiri kidogo tu, kama mtu anayetaka kuvuka mto wa baridi: ukikaa kuufikiria huvuki. Akashika mwiko wake, akavuka barabara.

"Papa Mukendi, acha mutoto. Ni minye."

"Weye ni nini?"

"Ni minye njo minapika. Tangu siku ine. Yaya Mathilde iko na tifoide, hata kusimama hawezi. Ile samaki ya jana, wenye ulilamba mpaka sahani ikangaa, ukasema 'Mathilde njo anajua samaki, ule wa ngambo anaunguza tu', nani alipika? Mukono yangu, papa. Hii hapa. Iangalie."

Kisha mtu mmoja akacheka kwa pua, akajizuia. Watatu waliondoka bila kulipa, na mpaka leo hawajarudi.

Nyuma ya Mado, Placide alikuwa amemfuata mpaka katikati ya barabara.

"Mama Mado! Franka yetu njo unalishia aba batu?"

"Franka yako uliikula, Placide. Iko mu tumbo yako."

Pande zote mbili zilicheka kwa pamoja, mara ya kwanza tangu uchaguzi. Placide hakucheka. Alivaa kofia yake, akaenda.

Papa Mukendi alibaki akiitazama sahani. Wote walimngoja. Mkubwa wa chama akisimama, benchi zima litasimama.

"Unga ya muhogo unaweka saa gani?" akauliza mwishowe.

"Pa mwanzo."

"Pa mwanzo!" Akajipiga paja. "Njo maana! Mahindi inatangulia, mama. Inaiva. Muhogo inaingia mwisho, pole pole. Hata mutoto wa Panda anajua!"

"Basi kuja unionyeshe, weye mwenye kinywa mingi."

Akaenda. Akavuka barabara na tai yake ya ukarani, akakunja mikono ya shati, akashika mwiko kwenye moto wa upinzani, vijana wake wakimtazama kama wanaona pasta anacheza rumba. Alijiunguza vidole viwili, akalaani kwa Kiluba, akalaumu makaa. Lakini nshima ilitoka laini, na akaila yote ili kuthibitisha.

"Minye sikubadili chama," Papa Mukendi anasisitiza leo, akimtaka mwandishi aandike hivyo. "Nilionyesha mama mapishi. Politiki ni ingine."

Jumamosi mkusanya ushuru alipita. Akauliza Mathilde yuko wapi. Papa Mukendi alimjibu na mdomo umejaa: "Ni fasi gani unaona moto imezima hapa?" Jamaa alitazama benchi lililojaa, akachukua ushuru, akaenda zake. Nafasi ilibaki ya Mathilde.

Mathilde amerudi jikoni sasa, mwembamba, kitenge kinamzunguka mara mbili. Si wateja wote waliorudia kuvuka kama zamani. Wengi bado wanakaa upande wao. Lakini anayekosa samaki hapa sasa anavuka, ingawa huvuka haraka, akitazama huku na huku kama anayekwenda kwa hawara.

Na wapishi wana mpango. Nyuma ya vibanda kuna chumba cha zamani cha kuhifadhia magunia, kina kuta na bati. Mwenye chumba amekubali wakipange pamoja kabla ya mvua za Oktoba. Osée amekwisha kupima kwa kamba. Majiko mawili, sufuria mbili, paa moja. Hakuna mkubwa aliyewasaidia, na Mado anasema heri, maana angetaka kubandika picha yake.

Wanachobishania ni milango. Mathilde anataka miwili.

"Batu bako na haya, Mado. Mukendi hawezi kuonekana anapita mulango moja na ba Placide."

Mado alikataa wiki nzima. Juzi, mbele ya Osée na kamba yake, amekubali.

"Milango mbili, sawa. Lakini mayi ya kunawa itakaa fasi moja, katikati. Ndoo moja, sabuni moja. Bukari hailiwi na mikono ya buchafu. Kila mutu atapita pale."

Osée ameweka alama ya chaki sakafuni, mahali pa ndoo.

Placide bado hajarudi. Mado amesikia kwamba siku hizi anakula mkate mkavu mchana, ndani ya depo yake ya madini, peke yake. Kila akipakua samaki, macho yanamkimbilia upande wa barabara Placide alikozoea kutokea.

"Siku tutafungua, nitamutuma mutoto akamuite," anasema, akigeukia kinu chake. "Minye sitaki aniombe masamaha. Hata asinisalimie. Anawe tu, akae."