Kumtafuta Baba Mkwe kwa Detekta

Mimi ni fundi wa bomba, na detekta yangu, mashine inayolia ikipita juu ya chuma, niliinunua kwa ajili ya kutafuta valvu. Eldoret hii watu hufukia valvu kama mbwa anavyofukia mfupa, kisha wanasahau. Mwenye nyumba anamwaga saruji juu, mpangaji anapanda sukuma wiki, na bomba likipasuka ndipo ploti nzima inamtafuta fundi huku maji yanacheza uani. Natoka kwangu mtaa wa Huruma na mashine yangu, mpini mrefu wenye sahani ya duara mwishoni. Naipitisha sahani juu ya ardhi, ikilia nachimba. Sikuwahi kudhani siku moja nitamtafuta nayo baba mkwe wangu, ambaye sikubahatika kumkuta hai.

Mke wangu ni wa upande wa Plateau. Mimi nilitoka magharibi kutafuta riziki, Mungu akanipa riziki na mke. Wakati ninaousimulia, mama mkwe alikuwa ametoka hospitalini, amekonda, moyo unamsumbua, na alirudi nyumbani na ombi moja tu. Alitaka aonyeshwe mahali hasa mumewe alipolala, ili siku yake ikifika azikwe kando yake, na watakaochimba wasimguse mzee. Usiku hakuwa analala kwa kuliwaza jambo hilo.

Utauliza, kaburi linapoteaje? Kwetu kaburi hujengewa saruji na vigae, mtu analala pazuri kuliko alivyoishi. Mama mkwe hakutaka hayo. Marehemu alikuwa mlimaji wa plau ya ng'ombe, anaitwa mashamba ya mbali kulima, na mkewe alikataa katakata awekewe mzigo wa saruji kifuani. Alichukua ulimi wa plau yake, lile bamba pana la chuma lenye ncha linalopasua udongo, akaulaza juu ya kaburi upande wa kichwa. Basi. Mahali hapo pakaachwa kuwa malisho, maana nani angethubutu kulima hapo? Lakini nyumba ya zamani ilibomolewa, mti uliokuwa alama ukakatwa kuni, ng'ombe wakakanyaga miaka nenda miaka rudi, na chuma kikazama. Shemeji zangu wote walikuwa na uhakika wa mahali penyewe, na kila mmoja alikuwa na pake. Ndipo mke wangu akaitaja mashine yangu.

"Mwambie baba ya watoto asishike jembe," mama mkwe alimwambia mke wangu, nami nimesimama pale pale nasikia. "Hapo hapachimbwi mara mbili."

Ndivyo tulivyoishi miaka yote. Mkwe na mama mkwe hawasogeleani, hawashikani mikono, na neno la mmoja humfikia mwenzake kupitia kwa binti. Katika jambo hilo kwao na kwetu ni kitu kimoja. Nilimheshimu sana yule mama, ila nakiri kwamba sikujua kama ananipenda. Utajuaje, na hamjawahi kuzungumza?

Sharti lake lilinitoa jasho. Kwa valvu, mashine ikilia unachimba shimo kubwa kidogo, ukikosa unachimba jingine. Hapa nilitakiwa kusema ni hapa, bila kuinua hata bonge moja la udongo. Nikikosea, watu watakuja kumchimbia mama na majembe yao yamwangukie mzee.

Nilianza vibaya. Zamani shamba lile lilikuwa la ngano la mzungu, na seng'enge zake kuukuu zimebaki ardhini kila upande, basi mashine ikawa inalia kama mtoto anayeota meno. Nikaipunguza nguvu mpaka vipande vidogo vikanyamaza. Mara nikapata sauti nene, nzito. Nikashusha sahani karibu na miguu yangu ili nisikie vizuri. Nikasogea hatua, sauti ikaja nami. Nikarudi, ikarudi nami.

"Mzee anatembea," shemeji mmoja akanong'ona, na wawili wakavua kofia.

Hata mimi nywele zilinisimama. Kisha nikatazama chini. Nilikuwa nimevaa buti zangu za kazi, zile zenye chuma vidoleni. Fundi mzima nilikuwa naifuata miguu yangu mwenyewe kwa heshima zote! Nikazivua, nikazipeleka mbali, na mke wangu akajifunika uso kwa leso ili mama yake asimwone akicheka.

Nikaanza upya, peku, kwenye umande. Nilipopata sauti nyingine nene, nilifanya inavyotakiwa. Unapitisha sahani kushoto kulia, unaweka alama pale inapolia zaidi. Unageuka, unapitisha kwa kukata njia ile ya kwanza, unaweka alama tena. Alama mbili zikikubaliana, kitu kiko chini yake. Lakini hiyo hukwambia kitovu chake tu. Haikwambii kama ni ulimi wa plau au ni rundo la seng'enge.

Nikamwomba mke wangu aniletee vijiti. Nikaiinua sahani kidogo kidogo mpaka sauti ikabaki nyembamba, halafu nikawa natoka katikati kwenda nje polepole, na kila sauti ilipokatika nikachomeka kijiti. Ni kazi ya kuchosha shingo. Shemeji zangu walichoka kutazama wakakaa chini. Vijiti vikazunguka, vikaacha upande mmoja mpana, vikaja vikibanana, mpaka upande wa pili vikakutana karibu kuwa ncha.

Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mbali kama ipasavyo. Akainuka.

"Mwambie asiongeze kingine." Akamwambia binti yake. "Ncha inaangalia mtoni. Ndivyo nilivyouweka kwa mkono wangu. Miguu yake iko huko."

Hakuna aliyebisha, hata mkubwa wao aliyekuwa ameapa kwamba baba yuko karibu na zizi. Mama akatembea taratibu, akapita vijiti, akasimama upande wa kushoto wa mzee. Akapima kwa macho toka vijiti hadi alipo, akasogea nyuma kidogo, akatulia.

"Wekeni mawe hapa," akawaambia wanawe. "Saruji sitaki."

Kisha akageuka. Nilidhani anamtafuta binti yake, nikampisha. Kumbe alikuwa ananitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mtoto wake, maneno yake hayakupitia kwa mtu.

"Asante, baba ya watoto. Nilikuwa nalala macho wazi kwa sababu sikujua nitaenda wapi. Sasa najua, na sina haraka."

Nimeshukuriwa na watu wengi katika kazi yangu, wengine kwa pesa, wengine kwa chai, lakini sijapata shukrani nyingine iliyonifika hivyo. Nikamshukuru Mungu kwa mashine ile na kwa mwanamke aliyenipa mke. Nikalia mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu mwanamume hafanyi, na yeye akageuka kutazama ng'ombe mpaka nilipomaliza.