Jirani yangu wa Gisenyi alitaka kumvusha mkewe mpakani ili akampige Goma, eti sheria ya Rwanda haifiki huko

Wakuu, salaam kwenu popote mlipo.

Hiki ninachokiandika nimekiona kwa macho yangu mawili, na kuna watu kwenye foleni ya mpakani hadi leo wakikikumbuka wanashika mbavu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mama wa vitenge. Nimezaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, wazazi wakarudi Rwanda nikiwa binti, sasa makazi yangu ni Gisenyi. Kwa wasioijua, Gisenyi na Goma zimeshikana kabisa. Unaweza kupika chai Rwanda ukaenda kununua mkate Congo, ukirudi chai bado ya moto. Wengi wetu tulikuwa tunavuka kila siku kwa miguu. Naongelea kabla mambo ya Goma hayajachafuka.

Kwenye kiwanja tunachoishi alikuwepo dada mmoja, nitamwita Vestine. Anauza nyanya Goma. Mpole, ila ana kicheko cha kuamsha mtaa.

Mumewe ni fundi redio. Sisi tulimwita Maître, yaani wakili, kwa sababu kutwa anatengeneza redio huku anasikiliza vipindi vya sheria. Hakusoma sheria popote. Lakini ukigombana na mtu kuhusu kuku, yeye anakuja na kifungu.

Sasa niwe serious kidogo hapa.

Huyu bwana alishawahi kumpiga Vestine mpaka jino la pembeni likatoka. Majirani tukaita polisi, wakamchukua. Vestine akawaambia alianguka bafuni. Wakamwachia Maître kwa onyo kali.

Tangu hapo hakumgusa tena. Siyo kwamba alibadilika. Aliogopa. Akawa anamwambia, "Ile kofi nakuwekea." Kama mtu anayehifadhi akiba.

Tuendelee.

Ikaja harusi ya binamu yake Maître. Maître mwenyewe akaingia kucheza, suti imebana, akafika katikati ya ukumbi, anakata mauno mbele ya wakwe. Mkanda ukakatika. Suruali ikashuka mpaka magotini, na ndani alikuwa amevaa kaptura ya njano ya kuchezea mpira.

Ukumbi mzima ulijikaza. Wa kwanza kucheka alikuwa Vestine.

(Kabla hamjaanza kumlaumu, mimi nilikuwa meza ya pili. Nilijikaza mpaka machozi yakatoka. Kuna mambo binadamu hayawezi.)

Kesho yake asubuhi Vestine akagonga kwangu. Uso umekauka.

"Dada, bwana anasema tuvuke Goma kwa dada yake," akaniambia. "Anasema kule ndiyo atanipiga. Huku Rwanda sheria inamufunga mikono."

Nikadhani sijasikia vizuri. Akarudia vilevile.

Wakuu, yaani mtu kakaa usiku kucha na akili zake, akafikia uamuzi kwamba kofi likivuka mpaka linakuwa halali. Kama vile sabuni za magendo, ila kinyume chake.

Nikamwambia twende polisi sasa hivi. Akakataa.

"Atakana. Atasema mi muongo, anajua kuongea. Na mi nimechoka kungojea hiyo kofi. Kila siku nikimupatia chakula naangalia mukono yake. Twende. Nataka aseme mbele ya watu, kule kwa dada yake. We kuja nyuma yangu, usiniache."

Nikabeba vitenge vyangu nikawafuata.

Maître alikuwa mbele, kavaa koti la suti, kashika mwavuli wa mkewe, anasalimia watu njia nzima kama mgombea. Vestine nyuma yake na beseni la nyanya kichwani. Ukiwaona ungesema wanakwenda ubatizo. Nilikuwa nawaza, wakivuka na mimi nikazuiwa, itakuwaje?

Tukafika kwenye foleni. Kama kawaida, akina mama na viazi, madumu ya maziwa kutoka Mudende, kelele.

Dirishani alikaa afande mdada, kijana, macho kwenye kompyuta. Pale Kiswahili ndiyo lugha ya wote, Wakongomani kwa Wanyarwanda. Akamuuliza Vestine swali analomuuliza kila mtu.

"Unaenda kufanya nini Goma?"

"Kupigwa."

Afande akaendelea kubonyeza. "Kupigwa picha ao kupigwa sindano?"

"Hapana. Kupigwa na huyu bwana yangu. Amesema huku sheria inakataza, ndiyo maana tunavuka."

Vidole vya afande vikasimama. Foleni nayo ikatega masikio, kuanzia mbele kurudi nyuma.

Hapo mtu mwenye akili timamu angesema, "Afande, mke wangu anatania." Basi, kesi imeisha. Mimi mwenyewe nilijua atakana, na Vestine alijua atakana.

Lakini Maître alikuwa hajawahi kupata watu wengi namna ile wakimsikiliza. Akafunga mwavuli. Akakohoa.

"Bon. Kisheria, hakuna kosa imefanyika. Kofi haijapigwa. Donc kama inapigwa Goma, inakuwa kofi ya Congo. Rwanda haiwezi kuuliza."

Wakuu, aliyasema mwenyewe, kwa kinywa chake, mbele ya sare ya serikali.

Nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja Mkongomani, mnene, anarudi kwao na gunia la kabichi. Akaliweka chini taratibu.

"We baba, nani alikudanganya kama Congo haiko na sheria? Sheria iko. Kupiga mutu ni kosa. Na mbele hujafika kwa hiyo sheria, utapita kwanza kwetu wamama wa soko."

Maître akageuka. "Nilisikia kwa redio..."

"Redio gani hiyo? Lete niizime."

Foleni ikaanza kuchangamka. Jamaa mmoja aliyerudi kutoka Uganda, amevaa jaketi la ngozi kwenye jua lile, akaingilia: "My brother, hata Uganda usijaribu. Kuna Act nzima ya domestic violence. They will lock you up."

Na mimi nikashindwa kunyamaza. Nikamwambia Tanzania Sheria ya Ndoa, ambayo ni ya zamani kuliko mimi, inasema waziwazi kwamba hakuna mume wala mke mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko.

Mnajua alichofanya? Akaanza kutafuta nchi.

"Burundi?"

"Iko," sauti ikatoka kwenye madumu ya maziwa.

"Kenya?"

"Iko."

Akafikiri. Akatazama upande wa Ziwa Kivu. Yule mama wa kabichi akamuwahi: "Hata katikati ya maji mupaka inapita. Utampiga akiwa upande gani?"

Watu walicheka mpaka beseni la mtu likamwagika. Maître naye, aibu imemjaa, akaendelea kushikilia mwavuli kama fimbo ya uaskofu.

Afande hakucheka. Alitoka nje ya kile kibanda, akaita mwenzake asimame na Maître, kisha akamsogeza Vestine pembeni. Vestine akanishika mkono, kwa hiyo nilisikia.

"Dada, alishakupiga mbele ya leo?"

Vestine bado ana nyanya kichwani. Nikamtua beseni.

"Alinipiga, jino ikatoka," akasema. "Polisi walikuja, nikasema nilianguka. Sikuanguka."

Kisha afande akamwambia Maître kwamba kutishia nako ni kosa, kwamba yeye ni Mnyarwanda na kuvuka mpaka hakumfuti Unyarwanda, na kwamba atapata nafasi ya kueleza nadharia yake kwa watu wanaohusika.

Maître akauliza kama watu hao wana diploma. Akaondoka anaongea.

Faili likafunguliwa, pamoja na lile la jino. Vestine alipelekwa kwa daktari, akapewa mtu wa kumsaidia kisheria, na hakulipa chochote. Majirani tulitoa ushahidi. Maître alijitetea mwenyewe mahakamani, jambo ambalo nadhani liliwasaidia sana waendesha mashtaka. Akafungwa. Baadaye Vestine akaomba talaka, akapata. Yule wifi wa Goma, ambaye Maître alitegemea angempa chumba cha kupigia mtu, ndiye aliyekuja kumsaidia kuhamisha vitu.

Niliwahi kumuuliza Vestine alipangaje lile jibu la dirishani, maana lilikuwa kiboko.

"Sikupanga," akasema. "Nilifikiri nitasema nyanya. Ile afande aliniuliza naenda kufanya nini, nikaona sina jibu ingine."

Nilichojifunza: anayepiga anategemea vitu viwili, wewe usijue sheria na wewe usiseme. Cha kwanza unaweza kuuliza kwa mtu yeyote. Cha pili ni kigumu zaidi, na siwezi kumlaumu anayechelewa.

Kwa hiyo wakuu, uwanja ni wenu. Mlioko Kenya, Burundi, Congo, Ulaya, andikeni hapa chini kwenu sheria inasemaje na mtu aanzie wapi. Kwa maneno ya kawaida, msitumwagie vifungu. Kuna mtu anasoma huu uzi kimya kimya sasa hivi, mumewe kakaa pembeni yake anadhani anaangalia mapishi. Mwandikieni huyo.