Redio ya Arusi Isiyofanyika

Nikifungua boksi la simu mpya, ile harufu ya plastiki ikinipanda puani, hukunja uso. Wanangu hunicheka. Wananijua: kwenye samaki nitapatana bei mpaka mvuvi atake kulia, lakini kwenye simu na redio nanunua ya bei kubwa na kuondoka kimya. Wao sijawaambia sababu. Nitakwambia wewe.

Nilikuwa na miaka minane hivi. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na baba yangu alikuwa fundi cherehani Mahajanga, kule Bukini, yaani Madagaska. Habari zake zilikuja kwetu Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, kwa vinywa vya wasafiri, kisha wasafiri wakapungua na minong'ono mibaya ikaanza kuhusu watu wetu wa huko. Mama akaamua kununua redio.

Mjomba, kaka yake mama, alituita Moroni, kisiwani Ngazija. Serikali ya vijana ilikuwa imepiga marufuku arusi kubwa za Ngazija, zile za kufilisi ukoo mzima, na vitu vilivyokwisha kununuliwa kwa ajili ya maharusi vilikuwa vikiuzwa soko la Volo Volo kwa bei ya kutupa. Bibi mmoja alikuwa na redio mbili juu ya mkeka, mpya kabisa, zinanukia udi wa sandukuni. Kubwa ilikuwa na masafa mafupi, yale yanayoshika stesheni za mbali. Ndogo haikuwa nayo, lakini ilikuwa nyekundu, na bei yake nusu.

"Dada, chukua kubwa," mjomba alisema. "Hii ndogo hapa Moroni itasema. Ukifika nayo Ndzuani itakoroma."

"Redio ni redio," mama akajibu. "Pesa itakayobaki nitamnunulia baba yao kanzu. Akirudi, asiende msikitini na ya zamani."

Yule bibi aliifunga ndogo kwenye kitambaa bila kututazama. Ilikuwa zawadi ya arusi ya binti yake.

Ikakoroma kweli. Mama aliipandisha juu ya paa, akaigeuza huku na huku, akaisikiliza kwa sikio moja, kisha la pili. Bibi yangu akasema hata kibla hakitafutwi hivyo. Tulicheka, na mama akacheka kidogo, halafu akaikunja ile kanzu mpya na kuirudisha sandukuni.

Basi yakatufikia ya Mahajanga. Watu wetu waliuawa, nyumba zikachomwa, na walionusurika wakaanza kurudishwa visiwani. Redio ya Moroni ikawa inasoma majina ya waliofika na ya waliokufa, mchana na jioni. Jirani yetu wa mkabala, Bweni Zainaba (bweni kwetu ni kama kusema bi), alikuwa na redio nzuri. Kichochoro chetu ni chembamba, chumvi tuliazimana dirishani bila kushuka ngazi. Kila jioni aliiweka redio dirishani na kuipandisha sauti kwa ajili yetu, na mama alikaa kwenye dirisha letu, mikono mapajani, akisubiri. Mimi niliomba Mungu jina la baba lisomwe kwa waliofika.

Siku moja mchana tulikuwa mtoni tukifua. Jioni mama akakaa mahali pake. Redio ya Bweni Zainaba ilikuwa palepale dirishani, kimya. Bweni mwenyewe hakuonekana. Mama alisubiri mpaka saa ya matangazo ikapita. Kisha akaanza kuvua bangili zake, moja moja, akiziweka kwenye kisahani.

Sikuelewa. Niliwaza kwamba betri za jirani zimekwisha. Nikazitoa betri za redio yetu nyekundu, nikateremka ngazi mbio, nikavuka.

"Bweni, chukua hizi. Yetu haishiki kitu."

Alikuwa amekaa sakafuni na leso mdomoni. Alinitazama sana. Akazitoa betri zake, akazitia zetu, akafunga kifuniko vizuri.

"Asante, mwanangu," alisema. Redio hakuiwasha.

Nilikuwa mama wa watoto wangu mwenyewe nilipoelewa kwamba betri zake zilikuwa nzima. Alikuwa amelisikia jina la baba mchana, likisomwa kwa waliokufa. Alipokea zetu kwa sababu, kama angezikataa, angelazimika kuniambia kwa nini.